Kupanda hadi magofu ya Drachenfels siku ya jua la baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Desemba napata ujumbe wa aina moja. Mgeni kafika Bonn kwa mkutano, kwa masomo, au kamfuata mtoto aliyeolewa huku. Wiki nzima mawingu yametanda kama blanketi lililolowa, kisha asubuhi moja anafungua pazia, anga ni buluu tupu. Ananiandikia: twende wapi? Miaka yote jibu langu ni moja, Drachenfels, na maswali yanayofuata ni yaleyale. Nimeona niyaandike mahali pamoja, nipumzishe kidole.

Drachenfels ni nini hasa?

Ni kilima chenye urefu wa mita 321 kutoka usawa wa bahari, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Rhine, juu kabisa ya mji mdogo wa Königswinter, kusini kidogo ya Bonn. Kileleni kumesimama mabaki ya ngome ya karne ya 12: kipande cha mnara mkuu, kuta chache, na dirisha lisilo na chumba. Jina lake maana yake ni Mwamba wa Joka.

Wenyewe wanakiita mlima. Mimi niliyekulia Lushoto nilicheka siku ya kwanza nilipoonyeshwa, nikauliza mlima wenyewe uko wapi. Uko palepale. Ni mmoja wa Siebengebirge, yaani Milima Saba, jina ambalo nalo si la kuhesabia, maana vilima vyenyewe vinapita 40. Mrefu kuliko yote, Großer Ölberg, una mita 460 tu. Wajerumani nao wana utani wao: Drachenfels wanauita mlima mrefu kuliko yote nchini Uholanzi, kwa jinsi Waholanzi, ambao kwao ni tambarare, walivyozoea kuja kuupanda.

Ni matembezi mepesi kweli, au ni "mepesi" ya Wajerumani?

Swali zuri, kwa sababu Mjerumani mwenye miaka 70 akikwambia "ni hapa tu" unaweza kutembea mpaka jioni. Hii ni nyepesi kwa kipimo chetu. Kutoka mtoni hadi kileleni ni kama kilomita mbili na ushee, na unapanda takriban mita 270. Mtu asiyefanya mazoezi, anayesimama kila kona akijidai anapiga picha, hufika kwa saa moja. Mwenye pumzi, dakika 45.

Njia yenyewe ni pana na imesakafiwa sehemu kubwa. Inaitwa Eselsweg, Njia ya Punda, kwa sababu zamani punda ndio waliokuwa wakiwapandisha watalii. Mtu wa Lamu atajisikia nyumbani kwa jina, ingawa siku ya baridi hatakutana na punda hata mmoja. Kitu cha kukutahadharisha ni mwinuko tu. Njia haichezi, inapanda moja kwa moja, na kuna vipande viwili vitatu ambapo mazungumzo hukatika yenyewe.

Kwa nini baridi? Si afadhali kusubiri kiangazi?

Kiangazi njoo pia. Ila kiangazi utapanda ndani ya handaki la majani, huoni kitu mpaka juu, na juu utakuta watu kama mnadani. Majira ya baridi miti imevua nguo zote. Jua linapenya mpaka chini, na mto unaouona kupitia matawi unakusindikiza njia nzima. Kila kona unauona umekuwa mwembamba zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo limenipata mara kadhaa, na ndilo linalonifanya nisiache kupanda. Asubuhi ya baridi kali isiyo na upepo, hewa nzito hutuama bondeni na ukungu hulala juu ya mto. Unaondoka Königswinter huoni nyumba ya pili. Unapanda nusu saa ndani ya kijivu, halafu ghafla kichwa kinatoka, kama mtu anayeibuka majini. Juu ni jua tupu, chini ni pamba iliyotandazwa, na vilele vya vilima vinajitokeza kama visiwa. Si kila siku. Lakini ukiona utabiri unasema ukungu wa asubuhi na jua mchana, usikate tamaa kwa kutazama dirishani.

Jua limewaka, koti la nini?

Mjomba wangu alifika Januari kutoka Tanga. Asubuhi ya pili akaliona jua dirishani, akatoka nje na shati la mikono mifupi kwenda kuliota. Alirudi kabla sijamaliza kumimina chai, akasema, "Mwanangu, hili jua lenu ni picha."

Ndivyo lilivyo. Mwishoni mwa Desemba jua la huku, hata lifike juu kiasi gani, halipiti nyuzi 16 kutoka upeo wa macho. Kivuli chako saa sita na nusu mchana, wakati jua liko juu kuliko wakati wowote wa siku hiyo, ni kirefu zaidi ya mara tatu ya kimo chako. Kwetu kivuli cha namna hiyo ni cha magharibi, watoto wanaitwa waingie ndani. Basi mwanga upo, lakini joto lake unalisikia usoni tu, na upande wa mgongo ni friji. Mchana wa jua mara nyingi hewa huwa kati ya nyuzi sifuri na sita, na siku za anga safi kabisa ndizo zenye baridi zaidi, kwa kuwa usiku hakukuwa na wingu la kuzuia joto lisipae.

Vaa tabaka: fulana ya kubana mwili, sweta, kisha koti la kuzuia upepo. Kofia inayofunika masikio, glavu, soksi za sufu. Ukipanda utatokwa jasho, na jasho likikupoa kileleni ndiyo mafua yenyewe, kwa hiyo fungua zipu mapema njiani na uifunge kabla hujafika juu. Akina mama huniuliza kama khanga inafaa. Inafaa sana, chini ya koti, shingoni na kifuani. Nimeona shali za bei ya kutisha zisizofanya kazi hiyo.

Tutoke saa ngapi?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mimi nilikosea kabla yao. Mwaka wangu wa kwanza tulikaa mezani mpaka saa saba tukila na kusimuliana, tukaanza kupanda saa tisa na robo. Tulifika kileleni tukalikuta jua linaaga, tukapiga picha tatu, na kushuka kukawa gizani kwa tochi ya simu ambayo betri yake ilikuwa asilimia tisa. Baridi hula betri, hilo nalo lijue, weka simu mfuko wa ndani karibu na mwili.

Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama muda mfupi kabla ya saa kumi na nusu jioni. Ni saa nane tu za mchana, na ya kwanza na ya mwisho hazina nguvu. Mimi hupanga kuwa kwenye tramu saa nne, mguu njiani saa tano kasorobo, kileleni kabla ya saa sita, na niwe nimeanza kushuka saa nane. Mchana mfupi wa Desemba hauna nafasi ya "tunakuja, tuko njiani". Anayechelewa nusu saa huachwa, na hajawahi kunilaumu mtu aliyefika juu kwa wakati.

Februari mambo hulegea. Mwishoni mwa mwezi huo jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni, unaweza kulala kidogo.

Tunafikaje kutoka Bonn?

Tramu namba 66 kutoka stesheni kuu ya Bonn, jukwaa lake liko chini ya ardhi. Soma ubao wa mbele, uhakikishe inaelekea Bad Honnef, kwa maana nyingine huishia njiani. Ni kama nusu saa. Shuka Königswinter, kituo cha Fähre, karibu na kivuko, halafu pita katikati ya mji mkongwe ukifuata vibao vya Drachenfels. Anayetoka Cologne atumie treni ya mkoa RB27 inayopita ukingo huu wa mto. Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa nchi nzima, inatosha kwa zote mbili.

Walioko Bad Godesberg wana njia tamu zaidi: wavuke kwa kivuko. Dakika chache tu, upepo wa mto usoni, na kilima kinakuja mbele yako kizima.

Kuna treni inayopanda mpaka juu?

Ipo, na ni ya meno: katikati ya reli kuna ukanda wenye meno ambao gurudumu la treni hulishika ili isiteleze. Ilianza kazi 1883, na ndiyo ya zamani kuliko zote za aina yake zinazoendelea kubeba abiria Ujerumani. Reli ina urefu wa kilomita moja na nusu, inapanda mita 220. Ina historia ya huzuni pia. Septemba 1958 treni ya mvuke iliacha reli ikiteremka na watu 17 wakafariki. Leo ni ya umeme.

Majira ya baridi safari zake hupungua, na kuna siku husimama kwa matengenezo. Tazama ratiba siku hiyohiyo. Nauli yake ni mbali na tiketi ya tramu.

Ukiniuliza mimi: panda kwa miguu, shuka kwa treni. Watu hufanya kinyume wakidhani kushuka ni rahisi. Kushuka ndiko kunakomaliza magoti, na ndiko watu wanakoteleza.

Lile jumba lenye minara katikati ya njia ndiyo ngome yenyewe?

Hapana, na nimewahi kuwakuta wageni wakirudi kutoka hapo wakiamini wamemaliza. Lile ni Schloss Drachenburg, lilijengwa kati ya 1882 na 1884, miaka ileile treni ya kupanda kilima ilipoanza. Mwenyewe alikuwa Stephan von Sarter, mzaliwa wa Bonn aliyetajirika kwa fedha na hisa. Alijenga minara, madirisha ya vioo vya rangi, kumbi za kifalme, na hakuwahi kuhamia humo. Aliishi Paris mpaka kufa. Kwetu tungesema jumba hilo lina mkono wa mtu.

Ni zuri, lina kiingilio chake, na kama mna watoto wanaopenda hadithi za wafalme ingieni. Lakini si gofu. Gofu liko juu zaidi, halina mlango, na halidai senti.

Basi ngome yenyewe ilijengwa na nani, na nani aliibomoa?

Askofu mkuu wa Cologne, Arnold wa Kwanza, aliianzisha baada ya 1138 ili kulinda mpaka wa kusini wa himaya yake. Maaskofu wa enzi hizo walikuwa na majeshi na mipaka. Baadaye ikakabidhiwa kwa jumuiya ya makasisi wa kanisa la Mtakatifu Cassius la Bonn, na ikakamilika 1167. Walioisimamia, mabwana wa Drachenfels, hawakutajirika kwa vita. Walitajirika kwa mawe.

Kilima hiki ni mwamba wa volkeno wa kale, jiwe la trakiti, la kijivu lenye fuwele nyeupe ndani kama punje za wali. Warumi walilichimba kabla yao. Ujenzi wa kanisa kuu la Cologne ulipoanza 1248, mawe yalitoka hapa. Yaliporomoshwa mpaka ukingoni, yakapakiwa majahazini, na mto ukayabeba kwenda kaskazini bila gharama ya makasia. Mabwana wa ngome wakawa wanauza mwamba uleule waliokalia.

Mwisho wa ngome kama ngome ulikuja katika Vita vya Miaka Thelathini, vile vya Ulaya vya 1618 hadi 1648. Waswidi waliiteka, wakatolewa, na 1634 askofu mkuu wa Cologne mwenyewe, Ferdinand wa Bavaria, aliamuru ibomolewe isije ikamfaa adui tena. Yaani waliojenga ndio waliobomoa. Lakini sehemu ya kile kinachokosekana leo haikuondolewa na baruti, iliondolewa na wachimba mawe. Waliendelea kula kilima mpaka chini ya kuta, na karne ya 19 vipande vya gofu vikawa vinaanguka pamoja na mwamba. Wakati huo washairi na wachoraji walikuwa wameshaanza kupapenda. Byron, Mwingereza, alipita 1816 na kuandika beti juu ya mwamba huu. Kelele zikapigwa, na 1836 serikali ya Prussia, ufalme wa Kijerumani uliotawala hapa wakati huo, ikanunua machimbo ili kuyafunga. Ukiwa juu tazama upande ulioliwa: kilima kimekatika wima kama mkate uliokatwa kwa kisu. Kwa mtu kama mimi aliyezoea magofu ya matumbawe ya Kilwa na Gede, ambayo yaliachwa tu na miti ikaingia ndani, hili la gofu kuuzwa kutoka chini yake lilinishangaza.

Na joka je?

Joka ni la Siegfried, shujaa wa hadithi za kale za Kijerumani. Aliliua, akaoga damu yake ili ngozi isipenywe na silaha, ila jani likawa limemwangukia katikati ya mabega na pale pakabaki laini. Si lazima awe aliliulia hapa, hadithi haina ramani. Wakulima wa zabibu wa mteremko wa kusini wameshaamua: divai yao nyekundu wanaiita Damu ya Joka.

Tukifika juu tunaona nini?

Kwanza uwanja mpana wenye mkahawa wa kioo. Usiishie hapo. Magofu yako hatua chache juu zaidi, kwa ngazi za mawe.

Mtazamo ni huu. Kusini, mto unakuja ukipinda kati ya vilima, na katikati yake visiwa viwili, kimoja chenye jengo la kale la watawa, Nonnenwerth. Ng'ambo yake, juu ya kilima, tao moja la jiwe limesimama peke yake: Rolandsbogen, ndilo pekee lililobaki la ngome nyingine. Saa saba mchana jua linakuwa upande huo, na mto mzima unang'aa mpaka unakunja macho. Chukua miwani ya jua, najua inachekesha kuibeba pamoja na glavu.

Kaskazini iko Bonn, na kilima cha Petersberg chenye hoteli ya serikali kileleni, ambapo mwaka 2001 Waafghani walijadiliana juu ya serikali yao mpya. Siku safi, tazama mbali zaidi, pale ambapo tambarare inageuka moshi. Vimisumari viwili vyeusi. Hiyo ni minara ya kanisa kuu la Cologne, na ndani ya kuta zake za zamani kuna mawe yaliyotoka chini ya miguu yako. Sijawahi kumwonyesha mgeni bila yeye kunyamaza kidogo.

Swala tunaipanga vipi?

Mwishoni mwa Desemba Adhuhuri huingia kama saa sita na nusu, Alasiri saa nane na robo hivi, Magharibi muda mfupi kabla ya saa kumi na nusu. Ukifuata ratiba yangu utaswali Adhuhuri kileleni na Alasiri chini au kwenye kituo cha katikati cha treni ya meno. Tawadha nyumbani ukajilinde, maji ya nje wakati huo yanauma mfupa. Beba mswala wenye plastiki upande wa chini, ardhi huwa na unyevu hata ikionekana kavu. Kibla ni kusini-mashariki. Pembeni mwa uwanja wa juu kuna nafasi, na sijawahi kusumbuliwa na mtu.

Chakula?

Beba chako. Mkahawa upo lakini saa zake za baridi si za kuegemea, na Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, usitegemee kununua njiani. Chapati mbili zilizoviringwa na mayai, maandazi, na chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha. Sukari ya kutosha, nasema. Juu pale chai nyepesi ni kumdharau mgeni.

Mama ana miaka 70 na magoti yake. Na mtoto wa kigari?

Mama apande na kushuka kwa treni, ikiwa inafanya kazi siku hiyo. Uwanja wa juu ni tambarare na una mtazamo karibu wote. Ngazi za magofu aziache. Kigari kinapanda Njia ya Punda ikiwa kavu, ila anayekisukuma lazima awe kijana na awe anampenda huyo mtoto. Kushuka nacho, breki na mkono mmoja imara.

Barafu je?

Theluji hapa si nyingi. Hatari ni barafu nyembamba isiyoonekana, hasa kwenye kona zisizofikiwa na jua, na majani yaliyolowa juu yake. Viatu vya soli laini vya mjini viacheni nyumbani, vaa buti zenye meno. Ukiona mawe yanang'aa kama yamepakwa mafuta, tembea pembeni kwenye udongo, hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Mimi mikono ilikuwa mfukoni siku niliyoanguka.

Kuna kiingilio cha magofu?

Hakuna.

Tunaweza kushuka kwa njia nyingine?

Ikiwa pakavu na bado saa nane haijapita, kuna njia ya kushukia upande wa kusini hadi Rhöndorf. Ni kali zaidi, ina ngazi na mizizi, lakini inatazama jua na mto, na inatokea karibu na mashamba ya mizabibu. Rhöndorf ndiko alikoishi Konrad Adenauer, kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, kuanzia 1949 hadi 1963 madarakani. Nyumba yake sasa ni makumbusho, na bustani yake ya mawaridi ipo, ingawa baridi utaona miiba tu. Tramu 66 inasimama hapohapo Rhöndorf, kwa hiyo huna haja ya kurudi Königswinter.

Tukifika tukakuta jua limeingia mawinguni?

Subirini dakika 20 na chai. Upepo wa mto hubadilisha mambo. Lisipotoka, shukeni, mtarudi siku nyingine. Tramu ipo kila siku. Nitumieni ujumbe jioni ya kuamkia, niangalie utabiri nanyi, ila msinipigie baada ya saa tatu usiku.